Kizuri Chajiuza: Vifaa Rahisi Vinavyopunguza Gharama na Magonjwa Nyumbani

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya wanawake na vijana, mafundi wa jua kali na wahudumu wa afya ya jamii. Yanachapishwa hapa ili wasiohudhuria nao wanufaike.



Jikoni mwa nyumba nyingi humu nchini kuna kifaa ambacho hakuna anayekitazama mara mbili. Nje ni bati, ndani ni udongo uliochomwa. Katikati kimebanwa kama kiuno, na chini kina mlango mdogo wa kuingiza hewa. Asubuhi kinachemsha chai, mchana kinapika githeri, jioni kinasonga ugali. Ni jiko la makaa. Kwa kuwa limezoeleka, vijana wengi hudhani limekuwako tangu enzi za mababu. Sivyo. Jiko hili lilibuniwa, likawa na kasoro, likarekebishwa, kisha likauzwa. Historia yake ina mafunzo kwa kaya inayotaka kununua kifaa, na kwa kikundi au wadi inayotaka kuanzisha mradi.

Jambo la kusisitiza leo ni moja. Kifaa rahisi humsaidia mwananchi pale tu kinapotengenezwa vizuri, kinapotumiwa inavyopasa, na kinapoharibika kikapata mtu wa karibu wa kukirekebisha. Kimoja kati ya hayo kikikosekana, hata kifaa cha bei ya juu hugeuka chuma chakavu.

Jiko lililopatikana kwa kusikilizana

Kwa miaka mingi jiko la makaa lililotumika mijini lilikuwa la bati tupu. Ubavu wake ulipata moto kama sufuria. Joto kubwa liliishia hewani badala ya kuingia chunguni, mtoto akiligusa aliungua, na bati lenyewe lililiwa na moto baada ya muda mfupi. Mwenye jiko alikuwa akilipia makaa ya kupasha joto chumba kizima ili apate kuchemsha sufuria moja.

Mwaka 1981 jiji la Nairobi lilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu vyanzo vipya vya nishati. Wakati huo misitu ilikuwa ikikatwa na bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani kote. Serikali ya Kenya pamoja na washirika wake walianza kutafuta njia ya kupunguza matumizi ya makaa na kuni. Wataalamu walilitazama jiko la ndoo la Thailand, ambalo ndani yake lina udongo uliochomwa. Wazo hilo la udongo likaunganishwa na ufundi wa bati ambao mafundi wa Kenya walikuwa nao tayari. Hapo ndipo lilipozaliwa jiko lililokuja kujulikana kama Kenya Ceramic Jiko, au KCJ.

Majiko ya kwanza hayakuwa mazuri. Udongo ulipasuka au kuachana na bati. Mengine yalikuwa mazito, mengine hayakutulia mpishi alipokoroga ugali kwa nguvu. Wanawake waliopewa kuyajaribu hawakunyamaza. Walieleza kilichowasumbua, na mafundi wakarudi karakanani. Umbo lililoshinda ni hili linaloonekana leo. Kiuno kilichobanwa hushika kikombe cha udongo sehemu ya juu tu, kwa hiyo jiko halizidi uzito. Kitako kipana hulifanya litulie. Matundu chini ya kikombe huangusha majivu na kupitisha hewa.

Vipimo vilivyofanywa kwa miaka iliyofuata vilionyesha kwamba jiko hili, likiwa limetengenezwa vizuri, huokoa takriban asilimia 30 hadi 50 ya makaa yakilinganishwa na jiko la bati tupu. Kila kaya inaweza kujifanyia hesabu. Iliyokuwa ikimaliza madebe matatu kwa mwezi na sasa inamaliza mawili, imeokoa debe moja kila mwezi, yaani madebe 12 kwa mwaka. Mwenye nyumba azidishe kwa bei ya debe sokoni kwake, aone kama hapati karo ya kumalizia muhula au bei ya mbolea.

Jiko hili halikuenea kwa kugawiwa bure. Mafunzo yalitolewa kwa mafundi, na hakuna aliyezuiwa kuiga. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo na kwingineko walikunja bati, wafinyanzi wakafinyanga vikombe, wachuuzi wakayabeba sokoni. Mwanzoni bei ilikuwa juu. Mafundi walipoongezeka, walishindana na bei ikashuka. Ubunifu huo ukavuka mipaka hadi Uganda, Tanzania, Rwanda, Ethiopia na nchi nyingine, kila nchi ikilirekebisha kulingana na mapishi yake. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kwa kaya za mashambani zinazopika kwa kuni kuna ndugu ya jiko hilo. Linaitwa Maendeleo au Upesi. Hili halina bati. Ni pipa fupi la udongo uliochomwa ambalo hujengewa jikoni kwa mawe na matope. Wanawake wafinyanzi wa upande wa Kisumu wamekuwa wakilitengeneza na kuliuza kwa miaka mingi. Kuni hupunguka, na moto hukaa ndani badala ya kupeperushwa na upepo kama kwenye mafiga matatu.

Jiko bovu halitambuliki kwa rangi

Uhuru wa kuiga ulileta pia majiko mabovu. Fundi mwenye haraka huchoma kikombe nusu, hutumia bati jepesi, kisha hupaka rangi ya kuvutia. Miezi michache baadaye kikombe kimepasuka na mnunuzi anaapa kwamba majiko ya kisasa ni utapeli. Hasara hapo si ya mnunuzi peke yake. Fundi mwaminifu wa jirani naye amepoteza mteja.

Kabla ya kutoa pesa, mnunuzi akigonge kikombe kwa kidole. Udongo uliochomwa ukaiva hulia kama chungu kizima. Ulio na ufa au ambao haukuiva hutoa sauti nzito iliyokufa. Aangalie kama saruji imejaa vizuri kati ya udongo na bati bila pengo. Afungue na kufunga mlango, maana mlango usiofungika ni makaa yanayoungua bure chakula kikiwa tayari. Amuulize muuzaji: kikombe kikipasuka, kinauzwa peke yake? Jiko ambalo kikombe chake kinaweza kubadilishwa ni la bei nafuu kuliko linaloonekana rahisi lakini hutupwa lote.

Nyumbani, jiko lisizimwe kwa kumwagiwa maji. Udongo wa moto ukipigwa na maji baridi hupasuka. Mlango ufungwe, makaa yafunikwe kwa majivu, na yaliyobaki yatumike kesho.

La muhimu kuliko yote, jiko la makaa, liwe zuri namna gani, lisiingizwe chumba cha kulala kwa ajili ya joto. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haamki kuomba msaada. Kila msimu wa baridi familia hupoteza watu kwa njia hii, na ni vifo vinavyoweza kuzuiwa.

Ni vyema pia kusema ukweli kuhusu mipaka ya kifaa hiki. Jiko linalookoa kuni hupunguza moshi lakini haliuondoi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa ndani ya nyumba ulihusika na vifo vya watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwemo watoto wengi walio chini ya miaka mitano. Kaya inayoweza kumudu gesi au umeme kwa baadhi ya mapishi ifanye hivyo. Isiyoweza ifungue dirisha, itoboe tundu la moshi juu ya ukuta, ipike kwa kuni zilizokauka, na mtoto asibebwe mgongoni kando ya moto.

Bembea iliyoshindwa kuteka maji

Kusini mwa Afrika kuna kisa kinachofaa kusikika na kila kamati ya mradi. Mnamo mwishoni mwa miaka ya 1980 nchini Afrika Kusini, ulibuniwa mtambo wa maji ulioitwa baadaye PlayPump. Ulikuwa bembea ya kuzunguka, kama zile za viwanja vya watoto. Watoto wakicheza, bembea inazunguka, na mzunguko huo unavuta maji kutoka kisimani hadi kwenye tangi. Nani asingependa? Watoto wanacheka, maji yanapanda. Mwaka 2006 wafadhili wakubwa wa Marekani waliahidi mamilioni ya dola, na lengo likawa kuweka mitambo 4,000 katika nchi kadhaa.

Mtambo mmoja uligharimu takriban dola 14,000, mara nyingi zaidi ya pampu ya kawaida ya mkono. Katika vijiji vingine pampu ya mkono iliyokuwa ikifanya kazi iling'olewa ili kuupisha. Kisha matatizo yakaanza. Watoto hawachezi saa zote. Asubuhi wako shuleni, jioni wamechoka, na mvua ikinyesha hakuna bembea. Kazi ya kuzungusha ikawaangukia akina mama, wengine wajawazito, wengine wakongwe, wakisukuma chuma kilichowekwa kwa kimo cha mtoto. Mwaka 2009 gazeti la The Guardian la Uingereza lilipiga hesabu na kuonyesha kwamba ili kufikia lengo la maji lililotangazwa, watoto wangelazimika kucheza saa 27 kila siku. Mtambo ulipoharibika, fundi wa kijiji hakuwa na vipuri wala ujuzi, na wananchi walingoja kwa miezi.

Nia haikuwa mbaya. Kosa ni kwamba mtekaji maji hakuulizwa mapema. Mbunifu alimtazama mtoto anayecheza, mfadhili akaitazama picha, na mama mwenye mtungi akatazamwa mwisho. Jiko la Kenya lilipitia njia tofauti: mama alilitumia, akalikosoa, na fundi akamsikiliza.

Klorini ya Busia: mahali pa kuweka kifaa

Hapa nyumbani, magharibi mwa Kenya, kuna mfano mwingine ambao umechunguzwa kwa makini kuliko mingi barani. Watafiti, miongoni mwao Michael Kremer aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, walifanya kazi Busia kwa miaka mingi. Walianza na chemchemi. Zilijengewa vizuri kwa saruji ili maji yatoke kwenye bomba badala ya dimbwi. Uchafu kwenye chemchemi ulipungua sana. Lakini maji yalipopimwa nyumbani, unafuu ulikuwa mdogo kuliko ilivyotarajiwa. Maji yalitoka safi, yakachafuka tena kwenye jerikeni, kwenye mtungi, na kwenye kikombe kinachochovywa na kila mkono.

Dawa ya klorini ilikuwepo madukani katika chupa ndogo, na bei yake haikuwa kubwa. Hata hivyo kaya chache tu zilikuwa zikiinunua na kuitumia kila siku. Baadhi husahau, baadhi huahirisha, baadhi hawana shilingi siku hiyo. Ndipo likaja wazo la tangi dogo la klorini lililofungwa kwenye nguzo kando ya chemchemi. Mtekaji akifika anaweka jerikeni ya lita 20, anazungusha valvu mara moja, na kipimo sahihi cha dawa kinashuka. Kisha anajaza maji. Mwendo wa kurudi nyumbani huichanganya dawa, na muda wa kungoja, takriban nusu saa, huisha akiwa njiani.

Katika vijiji vilivyofanyiwa utafiti, zaidi ya nusu ya kaya zilitumia dawa hiyo. Haikuwa dawa mpya, ni ile ile ya dukani. Ila sasa iko pale pale mtu anapofikiria maji, haina malipo ya papo hapo, na jirani anaona nani ametia na nani amepita. Mwanakijiji mmoja aliyechaguliwa na wenzake huangalia tangi lisikauke na huwakumbusha majirani.

Kikundi kijifunze hapa kwamba kifaa kizuri kinaweza kushindwa kwa sababu ya mahali kilipowekwa. Na tangi hili nalo lina sharti lake. Bila mtu wa kulijaza tena, nguzo inabaki ukumbusho wa mradi uliokufa. Kamati inayotaka tangi kama hilo iulize kwanza nani ataleta dawa mwaka wa tatu, baada ya wageni kuondoka.

Kibuyu chirizi

Kifaa cha nne hakihitaji mfadhili wala zabuni. Kibuyu chirizi kinajulikana kwa wahudumu wa afya wote waliopo hapa. Namna moja ya kukitengeneza ni kutoboa tundu dogo karibu na juu ya jerikeni ya lita 5, kuitundika kwenye mti wa kulalia juu ya nguzo mbili zenye panda, na kuifunga kamba inayoshuka hadi kwenye kijiti kilicho chini. Mtu akikanyaga kijiti, jerikeni inainama na maji yanachirizika. Akiachia, inarudi. Mkono uliotoka chooni haugusi chochote isipokuwa maji na sabuni.

Nyumba isiyo na bomba hudhani kunawa mikono ni anasa ya kumaliza maji. Kibuyu chirizi kinajibu hofu hiyo, kwa sababu maji hutoka uzi mwembamba na jerikeni moja ndogo huhudumia watu wengi. Tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba kunawa mikono kwa sabuni kunaweza kupunguza kuhara kwa karibu theluthi moja. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, kuhara si jambo dogo. Ni kupungukiwa maji mwilini, ni usiku wa kutafuta bodaboda ya kwenda zahanati, na wakati mwingine ni kaburi.

Lakini wahudumu wanajua pia kinachotokea wiki ya tatu. Maji yamekwisha na hakuna aliyejaza. Sabuni imebebwa na kunguru au imeingia nyumbani. Mchwa wamekula nguzo. Majibu ni rahisi kama kifaa chenyewe. Kazi ya kujaza apewe mtu mmoja kwa jina, kwa mfano mtoto wa darasa la tano kabla ya kwenda shule. Sabuni itobolewe na kufungwa kwa kamba chini ya kopo linaloikinga na mvua, au vipande vyake viyeyushwe kwenye chupa ya maji iliyotobolewa kifunikoni. Nguzo ichaguliwe mti usioliwa na mchwa. Na kibuyu kiwe hatua chache kutoka mlango wa choo, mahali ambapo hakuna anayeweza kupita bila kukiona. Kile kilicho nyuma ya jikoni kitatumika siku ya ukaguzi tu.

Gunia lisilopitisha hewa

Mkulima anayevuna magunia kumi na kubaki na saba baada ya dumuzi na panya, amelima bure sehemu ya shamba lake. Wengi huuza mapema kwa bei ya chini kwa kuogopa wadudu, kisha hununua mahindi yale yale kwa bei ya juu kabla ya mavuno yajayo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, wakishirikiana na watafiti wa Cameroon, walitafuta njia ya kuhifadhi kunde bila dawa. Walichokipata ni mifuko miwili ya plastiki nzito ndani ya gunia la kawaida la kusokotwa. Mkulima hujaza nafaka kavu, hukamua hewa, kisha hufunga kila mfuko peke yake kwa nguvu. Wadudu waliomo huvuta hewa iliyobaki hadi iishe, wakaacha kula, wakafa. Hakuna unga wa dawa unaoingia kwenye chakula. Magunia ya aina hiyo sasa yanauzwa katika maduka mengi ya pembejeo nchini, na yasipotoboka hutumika zaidi ya msimu mmoja.

Hapa pana onyo linalohusu uhai. Gunia hili haliwezi kukausha mahindi. Mahindi mabichi yakifungiwa humo huoza. Nafaka isiyokauka pia hulea kuvu, na kuvu hutoa sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004, hasa maeneo ya Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 kati yao wakafariki. Wengi walikuwa wamekula mahindi yao wenyewe. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, na haionekani kwa macho kila mara.

Kwa hiyo mahindi yaanikwe juu ya turubai, yasiguse udongo, hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 13.5 au chini ya hapo. Mkulima asiye na mashine ya kupimia anaweza kuanza na chumvi. Achukue chupa kavu yenye kifuniko, atie mahindi hadi kama theluthi, aongeze vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, atikise vizuri, kisha aache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado yana maji na yarudi juani. Isipoganda, yanakaribia kufaa. Ayaongezee jua, na kabla ya kufunga aombe kipimo cha mashine kwa afisa wa kilimo au katika ghala lenye mashine hiyo. Gunia liwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na panya wadhibitiwe, maana tundu moja la panya hurudisha hewa na kazi yote imeharibika.

Maswali manne kabla ya kutoa pesa

Chini ya Katiba ya 2010, afya ya msingi, kilimo, huduma za maji na vyuo vya ufundi vya vijijini ni baadhi ya kazi za serikali za kaunti, na mwananchi ana haki ya kushirikishwa katika kupanga bajeti. Mikutano ya ushirikishwaji wa umma ndiyo mahali pa kuuliza kuhusu vifaa vya aina hii, kabla zabuni hazijatolewa. Chama cha akina mama kinachotaka kununua majiko 30 kwa pamoja kinahitaji maswali yale yale.

La kwanza: nani atakitumia kila siku, na je, alikijaribu kabla ya kununuliwa? Kama ni cha jikoni, mpishi akipikie wiki mbili. Kama ni cha maji, mtekaji akiteke. Neno lake liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

La pili: kikiharibika, nani atakitengeneza, na vipuri vinauzwa wapi? Jibu likiwa jiji la mbali au nchi ya nje, kikundi kifikirie tena.

La tatu: kinaokoa nini, na kinamwokolea nani? Shilingi, saa, kuni au afya, kila kimoja kihesabiwe. Kifaa kinachookoa pesa za baba na kuongeza saa za kazi za mama hakijaokoa. Kimehamisha mzigo.

La nne: kuna kijana wa hapa anayeweza kukitengeneza akapata riziki? Chuo cha ufundi kilicho karibu kinaweza kufundisha kukunja bati la jiko, na mfinyanzi wa kijiji anaweza kufundisha kuchoma kikombe kikaiva. Pesa ya kaya inayookoa makaa huwa inabaki pale pale sokoni, mkononi mwa fundi anayejulikana kwa jina na anayeweza kulaumiwa kazi ikiwa mbovu.

Mabibi na mabwana, hakuna hata kimoja kati ya vifaa hivi kitakachomaliza umaskini. Kaya inayohitaji barabara, zahanati na maji ya bomba bado inavihitaji, na haipaswi kuambiwa iridhike na jerikeni iliyotobolewa. Lakini bomba likichelewa miaka mitano, mtoto aliyezaliwa mwaka huu hawezi kungoja mikono ya mamake isafishwe na mradi ujao. Jerikeni ipo, kamba ipo, na kijiti kipo.

Kila aliyehudhuria akifika nyumbani leo, akigonge kikombe cha jiko lake asikilize linavyolia. Kisha aende hadi mlango wa choo aangalie kama kuna maji na sabuni. Kazi ianzie hapo.